Chumvi Waliyoiona Mikononi Mwangu

Nilianguka mchana, jua likiwa wima juu ya uwanja wa samaki, kisu bado kimo mkononi. Mimba yangu ilikuwa imevuka miezi saba. Nakumbuka kichwa kiligonga kwa ndani kama mtu anapiga debe, macho yakaona vimulimuli, na mgebuka, samaki niliyekuwa nampasua, akawa wawili, akawa watatu. Baada ya hapo sikuona kitu. Wenzangu ndio walionisimulia kwamba nilitupa mikono na miguu kando ya pipa, povu mdomoni, na kwamba Msimamizi wa uwanja alikuja akasimama mbali akasema, "Mmwagieni maji huyo. Chumvi imempanda."

Nilizinduka hospitali, tumbo langu limelala. Mkunga alikuwa amekaa pale kitandani pangu, na wakunga hawana nafasi ya kukaa, kwa hiyo nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Pole sana, mama. Alikuwa wa kike."

Nilimuuliza kwa nini. Akasema ni kifafa cha mimba, kinaletwa na presha. Nikamuuliza, na hiyo presha inaletwa na nini? Mbona sijafika hata miaka thelathini? Akanishika mkono, akaangalia dirishani. Simlaumu yule mama. Yeye hakuwa wa kujibu. Wa kujibu wapo, na nitawataja kwa vyeo vyao kila tukiwafikia.

Nyinyi vijana mnaofanya kazi za samaki leo mna magari ya barafu na glovu za mpira. Sisi tulianza hivi.

Mimi ni mtu wa Ilagala. Shule niliacha darasa la tano, nikaenda mwaloni, pale boti zinapoteremsha samaki. Siku ya kwanza nilidhani nitapewa kisu. Nyapara, yaani mkubwa wa sisi wapasuaji, alikuwa mzee mwenye asili ya Kongo, sauti yake unaisikia kabla hujamwona. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akanitupia mgebuka mmoja.

"Shika."

Nikamshika kichwani, karibu na mashavu.

"Umeshika nini?"

"Samaki, Mzee."

"Umeshika kichwa. Samaki bado hujamshika. Teremka mpaka mkiani."

Nikabonyeza mkiani, kidole kikazama. Wapasuaji wakacheka. Nyapara akanieleza kwa upole, maana kelele zote zile zilikuwa za kooni tu, moyo wake ulikuwa wa mzazi. Alisema samaki akilala kwenye boti, kichwa kivulini na mkia juani, unaweza kumkuta mgumu huku na kule ameshaoza. Ukimtia chumvi huyo, anakaa vizuri juu juu, kisha anaoza ndani ya mzigo na kuwaozesha wenzake. Kwa hiyo kabla ya kisu, vidole. Juu kwanza, kisha chini. Hata kama boti zimejipanga mpaka kwenye matete, hata kama tajiri anapiga kelele.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unampasua samaki mgongoni, anafunguka kama kitabu. Unamtoa matumbo, unamwosha damu yote kwenye uti, kisha unampaka chumvi, ile ya Uvinza ya punje nene, unaisukuma na kiganja iingie kwenye nyama. Unawapanga kwenye pipa, nyama juu, wanakaa mpaka watoe maji yao. Halafu wanakwenda kwenye kichanja, kitanda kile cha fito, wakauke. Anayetoka hapo ndiye ng'onda. Anafika mpaka masoko ya mbali bila kuharibika.

Chumvi inakula mikono. Inaanza na kucha, inakuja kwenye vikunjo vya vidole, inapasua, na kila asubuhi unaitia tena kwenye kidonda kilekile. Mtu wa chumvi ukimpa mkono tu unamjua. Kumbukeni hiyo mikono, maana ndiyo iliyoniponza.

Nilikuwa na jambo moja tangu Ilagala. Kubeba nilibeba kuliko wanaume wengine, mabega yalikuwa mapana, mikono imejaa. Lakini kupanda ule mchanga kutoka ziwani na beseni kichwani, miguu ilikuwa inawaka moto kwenye mashavu, nasimama katikati ya njia kama ng'ombe aliyegoma. Na nyayo zangu zilikuwa baridi. Siyo baridi ya maji, baridi ya ndani, hata nikiwa nimekaa jikoni.

"We mtoto," Nyapara alikuwa ananitania, "Mungu alikupa mabega ya kuli, akakosa miguu, akakuazimia ya korongo!"

Tulicheka wote. Angejua yule mzee, asingecheka. Yeye nimemsamehe zamani. Kazi yake ilikuwa samaki, na samaki aliwajua.

Baadaye tajiri wetu alifungua uwanja mkubwa Kasingirima, wenye sakafu ya saruji na mapipa yamepangwa safu, akatuhamishia huko tuliokuwa wapasuaji wazuri. Nikaolewa hukohuko, na kijana wa Ujiji anaitwa Sadiki, fundi baiskeli. Mkubwa wetu mpya alikuwa Msimamizi, mtu wa shati jeupe asiyependa kukaribia mapipa. Huyu ndiye wa kwanza kumtaja. Kwake mtu alikuwa kisu tu, kikiwa butu kinatupwa.

Kule ndiko kichwa kilikoanza kuniuma. Kinaanzia kisogoni kinakuja mbele. Na damu za pua: ninapasua samaki, mara naona damu kwenye ubao, naitafuta kwa samaki, kumbe ni yangu. Nikaenda zahanati.

Sasa huyu ndiye wa pili, na ndiye mkubwa. Tabibu wa zahanati. Hakuwa mtu mbaya wa kutukana wagonjwa. Foleni ilikuwa inafika getini, mkanda wa kupimia presha ulikuwa mmoja, umechoka, wanaufunga na kamba. Hayo yote nayaweka mbele ya haki. Alinifunga ule mkanda mkononi, akapampu, akasikiliza, akapampu tena.

"Una umri gani, dada?"

Nikamwambia. Ishirini na kitu.

"Presha yako ni ya bibi kizee. Unafanya kazi wapi?"

"Uwanja wa samaki, Tabibu. Kwenye chumvi."

Akanigeuza viganja, akaviona vilivyopasuka na ile nyeupe iliyoganda kwenye mistari. Akacheka, akamwita nesi aje aone. "Sasa wewe unakuja kuniuliza mimi ugonjwa, na ugonjwa umeushika mkononi! Acha chumvi."

Kichwani kwake kesi ikaisha hapo. Akanipa vidonge. Nje nikakutana na wenzangu wawili wa uwanjani, mmoja mtu mzima mnene, mwingine alikwenda kwa mafua tu. Wote wawili wameambiwa acheni chumvi. Ilikuwa mtu akitokea uwanjani kwetu, jibu linamsubiri mlangoni.

Mimi nikaamini. Nani asingeamini? Chumvi tunaishi nayo, inatuuma tunaiona. Wengine tukaanza kuvaa mifuko ya nailoni mikononi ili isituingie kwenye damu kupitia vidonda. Kisu kinateleza, Msimamizi anatukana. Na nyumbani nikaacha chumvi kabisa. Siyo kupunguza. Kuacha. Ugali na dagaa wa kuchemsha kwa maji matupu, maharage kama udongo. Naona wenzangu wananyonya vidole, mimi nameza kama dawa.

Mkwe wangu, mama yake Sadiki, akaja kutembea, akala tonge moja, akaweka la pili chini.

"Mwanangu, huku hamna chumvi?"

"Mimi siruhusiwi, mama. Yako ile pale kwenye kikopo."

Akaniangalia muda mrefu. Mnajua kwetu mtu asiyekula chumvi anadhaniwa mchawi. Wiki haikuisha, mtaa mzima ukawa unajua kwamba mke wa Sadiki hali chumvi na usiku anatoka damu puani. Wenye adabu wakanyamaza nikipita. Wasio na adabu wakauliza kwa sauti, "Huyo anakula wapi?" Presha ikabaki palepale.

Halafu nikashika mimba. Sadiki alifurahi mpaka akaanza kutengeneza baiskeli ndogo kabla mtoto hajafika. Kliniki wakanipima, wakastuka, wakanirudisha kwa Tabibu yuleyule. Akafunga mkanda, akatikisa kichwa, akaniangalia kama mwizi.

"Unaonja samaki huko."

"Sionji, Tabibu."

"Dada, usinidanganye. Vidonge unakunywa, presha haishuki. Chumvi unakula kwa siri."

"Wallahi sijaonja chumvi mwaka wa pili huu. Watu wananiita mchawi kwa ajili yako!"

"Basi una mawazo. Punguza mawazo."

Akaongeza vidonge. Hakuniuliza kitu kingine. Nikaenda kwa Msimamizi kuomba kazi ya kukaa, ya kufunga mizigo, niondoke kwenye kubeba.

"Mimba siyo ugonjwa," akasema, hajaniangalia. "Bibi yangu alijifungulia shambani, akafuta jembe akaendelea."

"Bibi yako alikuwa na presha?"

"Bibi yangu alikuwa na adabu."

Baada ya hapo ndipo nilipoanguka, kama nilivyosema.

Sadiki alimzika mtoto na wazee wa msikitini, mimi nikiwa bado kitandani. Hakuniacha, namshukuru. Mama yake ndiye aliyeniacha. Ile baiskeli ndogo aliimalizia, akampa mtoto wa jirani.

Sasa nisikilizeni hapa. Ile ya mimba, waliniambia mimba ikitoka na presha itashuka. Mimba ilitoka. Presha haikushuka. Miaka ikapita, nikarudi kwenye pipa, nikapasua samaki mpaka nikawa mimi ndiye nafundisha wengine, na presha ileile. Kila nikienda, mkono, mkanda, vidonge, chumvi. Hata mtu asiyesoma angejiuliza: huyu ni kijana, si mnene, chumvi hali, mimba hana, mbona damu inapanda? Tabibu alikuwa amesoma, na hakujiuliza.

Siku moja damu ya pua ikagoma kukata. Wakanipeleka hospitali kubwa ya mjini nimekumbatia beseni. Baada ya kunizibia pua na damu kukata, asubuhi yake akaja Daktari wa wodi, binti mdogo kuliko mimi, hijabu yake imebanwa vizuri, anatembea haraka, wanafunzi nyuma yake. Akavuta kiti.

"Shikamoo, mama. Presha hii umeanza nayo lini?"

"Marahaba. Nikiwa msichana."

"Na nani amekueleza inatoka wapi?"

"Chumvi."

"Unakula chumvi nyingi?"

"Mwanangu, sijui hata ladha yake siku hizi."

Akaweka kalamu chini. Akaniambia mtu mzima sana akiwa na presha, mara nyingi hupati kitu kimoja cha kukinyooshea kidole. Lakini kijana akiwa nayo, na juu kiasi hiki, lazima utafute kilichojificha nyuma yake. Akaanza kutafuta. Usiku nakoroma mpaka nakabwa? Nachoma sindano za uzazi wa mpango, nakunywa vidonge au miti shamba? Mkojo una povu au damu, uso unavimba asubuhi? Hizo ni figo. Kuna saa nyingine moyo unakimbia, natoka jasho, nakuwa mweupe? Kuna tezi ndogo juu ya figo, inaweza kufanya hivyo. Misuli inalegea bila sababu? Ndugu zangu je? Kila nikisema hapana anasogea kwenye jingine, hakasiriki, haniiti mwongo.

"Miguu inakuwaje ukitembea?"

Hilo halikuwahi kuulizwa. Nikamwambia habari ya mchanga wa Ilagala, ya mashavu ya miguu kuwaka, ya nyayo za baridi, mpaka ya korongo.

Akainuka, akawatoa wanafunzi wake wa kiume, akavuta pazia. "Mama, naomba ruhusa nikuguse hapa, juu ya paja, kwenye kinena. Kitenge chako kibaki, nitaingiza vidole tu."

Nilibana miguu. Kwetu pale hapaguswi na mtu ila mkunga, na yeye kwa shida.

"Najua," akasema. "Na mimi nimezaliwa Ujiji hapahapa. Ningekuwa na njia nyingine ningeitumia."

Nikamwachia. Mkono wake mmoja ukashika kifundo cha mkono wangu, mwingine kinenani. Akafumba macho. Alikaa hivyo muda. Kisha akachukua vidole vyangu mwenyewe, akaviweka. Mkononi damu ilikuwa inapiga ngoma. Kwenye paja nilitafuta, nikatafuta, nikaipata kwa mbali, imechelewa, kama mtu anayebisha hodi na hataki kusikika. Akafunga mkanda mkononi, akaufungua, akaleta mwingine mkubwa akaufunga pajani. Juu presha ya kuua. Chini presha ya mtu aliyepungukiwa damu.

Akanieleza kwa maneno ya kueleweka. Moyoni unatoka mshipa mkuu, unatoa matawi ya kichwa na mikono, kisha unateremka kulisha tumbo na miguu. Wangu ulikuwa umebanwa mahali baada ya yale matawi, nimezaliwa hivyo. Kama mpira wa maji uliokunjwa: nyuma ya mkunjo maji yanajaa yanataka kupasua, mbele yanachuruzika.

Nikafikiri. Nikamuuliza, "Na mtoto wangu alikuwa upande gani?"

"Chini ya hapo palipobanwa, mama."

Akavuta kiti karibu. Halafu akasema, "Siwezi kukuapia kwamba angeishi. Ila ingejulikana mapema, mshipa ungezibuliwa kwanza, na asingekuwepo mtu wa kukuacha umesimama juani unapasua samaki."

Nilitazama mikono yangu, ile iliyopasuka. Nikamkumbuka Nyapara. Hakuwa daktari, na mambo ya damu hakuyajua hata kidogo, lakini hakuna mgebuka aliyepita mbele yake ameshikwa upande mmoja. Samaki wa ziwa hili alikaguliwa kichwa na mkia, na mimi miaka yote nimekaguliwa mkono tu.

Wakanipeleka Dar es Salaam, safari ya treni. Kule wakapitisha kijibomba chembamba kwenye mshipa wa paja mpaka pale palipobanwa, wakapapanua, wakaacha kimfereji cha waya kipashikilie. Nilipozinduka nikamwambia nesi blanketi lao lina moto. Akalishika, akasema ni la kawaida. Kumbe ni nyayo. Nilikuwa mtu mzima, na ndiyo mara yangu ya kwanza kuwa na miguu ya moto. Hapo ndipo nilipolia, kilio ambacho sikulia wodi ya wazazi.

Kidonge kimoja bado nakunywa, kwa sababu nilichelewa, misuli ya moyo imeshatanuka. Mtoto mwingine hakuja. Mizigo nimekatazwa, kwa hiyo nimestaafu kabla ya mvi. Nina meza ya vitenge Gungu, nakaa kivulini, naangalia bodaboda zikipita. Maisha si mabaya. Na chumvi nakula, kidogo, kama anavyokula kila mtu.

Ningeweza kunyamaza. Lakini juzijuzi alikuja pale mezani msichana anaitwa Neema, wa uwanja uleule wa Kasingirima, nilimfundisha kisu mimi mwenyewe kabla sijaacha kazi. Macho yamevimba.

"Shikamoo mama. Nina presha."

"Wewe? Nani kasema?"

"Zahanati. Wamenipima." Akacheka kidogo, akaonyesha viganja. "Wameniambia niache chumvi."

"Kakwambia nani? Mzee mmoja mrefu, ana miwani?"

"Huyo huyo. Siku hizi anafundisha wenzake, alikuwa na vijana wawili amesimama nao. Akawaonyesha mikono yangu. Wakacheka."

Nilifunga meza. Tukapanda bodaboda moja, yeye katikati, mpaka hospitali kubwa kwa yule Daktari. Akamshika mkono na kinena, mapigo yanakwenda sawasawa. Nikapumua, nikadhani basi. Yeye hakuona basi. Akamtuma na kikopo cha mkojo, akatoa damu, akapiga picha ya tumbo. Siyo mshipa. Ni figo, zinavujisha. Bado ni mapema, ameanza dawa, na Daktari anasema akifuatilia dawa atakaa nazo muda mrefu. Ugonjwa wake hauna undugu na wangu. Kilichotufananisha ni mikono tu, na mikono ndiyo pekee iliyotazamwa.

Msimamizi alishakufa, kesi yake iko kwa Mungu. Wewe Tabibu uko hai, unafundisha. Sisemi ungetumia mashine, najua hukuwa nazo. Yule Daktari hakunigundua kwa mashine, alianza na kuuliza na vidole viwili. Vidole ulikuwa navyo. Muda wa kuita nesi aje acheke ulikuwa nao pia.

Basi njoo Gungu, ulizia kwenye vitenge, wote wananijua. Kiti kipo na chai nitachemsha, sitakutukana. Ukae, unitazame usoni, siyo mikononi, uniambie kwa nini uliniita mwongo badala ya kunigusa mguu. Na hao vijana unaowafundisha uje nao, wasikie unavyojibu. Mimi nitakusikiliza kwa niaba yangu, na kwa niaba ya yule wa kike aliyekuwa upande wa chini.